Kabati Lisilo na Mgongo

Mlango wa chumba cha watoto ulianza kugoma baada ya upepo ule wa kwanza wa mvua. Ulikuwa mlango wa mbao ngumu, haujawahi kumsumbua mtu. Asubuhi hiyo Mama Pacha aliusukuma kwa kiganja, akausukuma kwa bega, akaongeza na nyonga, lakini wapi, umeng'ang'ania fremu kama kupe. Ndani, pacha wake walikuwa wanacheka, wakidhani mama yao anacheza nao.

"Mama, sukuma kama mtu aliyekula," mmoja akasema.

"Tokeni nyuma ya mlango."

"Hatuko nyuma ya mlango. Tuko kitandani."

Ukaachia ghafla, naye akaingia chumbani mzimamzima kama gunia lililorushwa. Pacha walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa ameinua macho juu ya fremu. Mlango ulikuwa umekwaruzika kona moja tu ya juu, mbao imebaki nyeupe. Kona ya pili ilikuwa na uwazi wa kupitisha kidole.

Sasa, anayeishi ghorofani na asikie vizuri, maana ugonjwa wa nyumba hauanzi kwa kuanguka. Unaanza na vitu vidogo kama hivi, vya kuchekesha watoto.

Nyumba yenyewe aliijenga baba mkwe, Mungu amrehemu, ghorofa juu ya ghorofa mpaka akachoka. Chini kabisa lilikuwa duka la samani la shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kabati kwa sababu ya biashara yake na kwa sababu ya umbo lake. Juu ya duka aliishi Mama Mkwe, ambaye miguu ilikuwa imemchosha na anatembea kwa mkongojo. Juu yake Mama Pacha na watoto, maana mumewe ni dereva wa malori ya mbali na nyumbani huja kama mgeni. Juu kabisa Kabati na familia yake. Kwa hiyo lieleweke tangu mapema: Kabati hakuwa mtu wa kuwatakia wenzake mabaya. Alilala humohumo, tena juu kuliko wote. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba akishasema jambo limekwisha, basi limekwisha.

Kando ya ngazi palikuwa na ukuta mmoja wa zege, mnene, uliotoka kwenye msingi ukapanda hadi paa bila kukatika. Hauna dirisha, hauna mlango. Pale chini ulitenganisha duka na stoo, na huo ndio uliokuwa mwiba wa Kabati. Kila kabati likitoka stoo kwenda dukani lilibidi lizungushwe nje, lipite kwenye vumbi na mvua, vijana wa kubeba wakitukanana njia nzima.

"Ukuta umekaa tu, hauna kazi," alikuwa akisema. "Haujabeba boriti hata moja. Umetuziba kama mtu aliyesimama mlangoni."

Mwishowe akaleta mafundi na mashine ya kutoboa zege. Nyumba ililia kama sufuria inayogongwa. Mama Mkwe alifunga kichwa kwa kanga siku hizo zote. Fundi mmoja alipofika kwenye nondo alizima mashine, akajifuta jasho na kuuliza, "Bosi, mbona huu umeshonwa chuma namna hii? Kwani ni benki?"

"Mzee alikuwa na hela enzi hizo," Kabati akajibu. "Kata."

Mama Pacha alikuwa anapita na kapu lake. Akasema, "Shemeji, mtu hafungi chuma chote hicho kwa kiburi tu. Ungemuuliza kwanza anayejua."

"Shemeji yangu, nguzo zote zipo. Umeona nguzo iliyoguswa? Nenda zako juu, Mama Wasiwasi."

Jina likamganda. Hata wapwa zake, watoto wa Kabati, wakawa wanamwita hivyo ngazini.

Ndipo ikaja mvua na upepo wake, na milango ikaanza. Aliitwa seremala, mtu wa maneno mengi na penseli sikioni. Akautazama mlango wa watoto, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mvua hii, mama. Mbao zimekunywa maji."

Akatoa randa, akauparura, pacha wakavaa maranda masikioni kama hereni. Mlango ukafunga vizuri. Baada ya upepo mwingine ukagoma tena, safari hii na wa Mama Mkwe ukafuata. Seremala akarudi na randa yake. Kwenye pembe za madirisha ya ngazi nyufa zikaanza kutoka zikiwa zimelala mshazari, moja huku, moja kule, zikakutana katikati kama alama ya kukosa kwenye daftari la mtoto. Kabati alizijaza, akapiga rangi. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu alikuwa anaziba nyufa kila wiki, na ukuta wenyewe ameutoboa.

"Fundi," Mama Pacha akasema siku hiyo, "mbao iliyo ndani ya nyumba, imepakwa vanishi, inakunywaje maji?"

"Mama, kwani hewa haina maji?"

"Na ule mlango wa alumini wa kutokea paani, nao umegoma tangu juzi. Nao umekunywa?"

Seremala akaacha kuparura. Akafikiri kidogo. "Huo siujui mimi. Mimi ni fundi wa mbao."

Alimpigia simu mumewe. Sauti ilikuwa inakatikakatika, lori linaunguruma. "Mke wangu, usiniweke kati yako na kaka. Nikirudi tutaongea."

"Ukirudi utamkuta nani wa kuongea naye?"

"Umeanza."

Akaenda ofisi inayohusika na majengo. Dirishani aliambiwa mhusika yuko saiti. Alirudi, mhusika yuko kikaoni. Aliporudi tena mhusika alikuwapo, akamuuliza kama nyumba ni yake. Si yake. Basi aje mwenye nyumba. Mwenye nyumba amefariki. Basi aje msimamizi. Msimamizi ndiye aliyetoboa ukuta. Mhusika akamwangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa wa jirani, akasema hayo ni mambo ya kifamilia. Mama Pacha aliaga akatoka. Hakuwa na cheti cha kumwekea mtu mezani, aliishia darasa la saba, na alijua kila alichosema kilisikika kama umbeya wa mke wa mdogo mtu.

Mama Mkwe ndiye aliyemkumbuka Mhandisi. "Yule binti aliyetuchorea nyumba," alisema. "Marehemu alimlalamikia sana kwa zege lile. Namba yake ninayo, huwa tunajuliana hali."

Binti mwenyewe siku hizi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na viatu vya vumbi. Alikuja mchana, akaingia dukani, na alipofika kwenye lile tundu hakuuliza kitu. Alipitisha kiganja kwenye ncha za nondo zilizokatwa, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu meno yaliyong'olewa.

"Nani alikuruhusu?"

"Ruhusa ya nini, Mhandisi? Nguzo hizo hapo." Kabati akazionyesha kwa mkono kama mtu anayewatambulisha wanawe. "Hakuna iliyoguswa. Mimi si mjinga."

"Sijasema wewe ni mjinga. Uzito wa nyumba unashuka chini, na kwa kushuka, nguzo zinatosha. Kinachokuja kwa ubavu je?"

"Ubavuni kinakuja nini?"

"Upepo. Na ardhi ikitikisika, inaondoka na miguu ya nyumba, kiwiliwili kinabaki nyuma. Umewahi kubeba sinia la chai mtu akakugonga kiwiko? Chai inamwagikia pembeni. Basi nyumba inapotaka kwenda pembeni, kuna mtu lazima aishike. Wa kuishika ni ukuta huu, na mwenzake upande ule. Wewe umeukata huku chini kabisa, ambako msukumo wa ghorofa zote unakuja kukutana."

"Tangu nizaliwe sijaona tetemeko likiangusha nyumba mtaani hapa."

"Na mimi sijawahi kuunguza nyumba," Mama Pacha akasema kutoka pembeni, "lakini sufuria naiepua."

"Shemeji, mwache mtaalamu aseme."

Mhandisi alikuwa ameshaanza kuangaza macho dukani. Akaona kabati moja la milango miwili limesimama karibu na dirisha, jeupe, halijamalizwa. Nyuma yake palikuwa wazi, unaona mtaa kupitia ndani.

"Hili naweza kulinunua leo?"

"Bado. Halijapigwa mgongo. Plaiwudi inakuja kesho."

"Nipe hivihivi. Nguo zinakaa kwenye rafu, rafu zinabebwa na mbao za pembeni. Huo mgongo unabeba nini?"

"Haubebi kitu," Kabati akasema upesi, kwa ile sauti yake ya kumfundisha mteja, "ila bila mgongo kabati linalegea. Ukiligusa kwa ubavu linalala, milango haifungi..."

Mhandisi aliweka kidole kimoja kwenye kona ya juu, akasukuma kwa upande. Kabati likainama polepole, likalia. Mlango wake mmoja ukakwama kona ya juu, na kona ya pili ukafunguka uwazi mwembamba.

Mama Pacha alisogea karibu. "Huo ndio mlango wa wanangu," akasema.

Mhandisi aliliachia kabati, akageuka. "Na huko ni upande mmoja tu. Ukuta mwenzake wa kule bado unashika. Nyumba ikisukumwa, upande ule unashikwa, huu unakimbia. Inajisokota kama nguo unayoikamua. Hamisheni watu. Leo nitaleta mihimili ya kuegemeza hapa, halafu tuurudishe ukuta."

Kabati alilitazama lile kabati muda mrefu. Mama Pacha aliona kabisa kwamba limemwingia. Aliona shingo inaanza kukubali. Halafu akaona inakaza tena.

"Kabati ni mbao na misumari," akasema. "Nyumba ni zege. Nina oda ya hoteli hapa, makabati yanapita hapo kutwa. Nikimaliza oda, tutazungumza."

"Ukimaliza oda?" Mhandisi akauliza.

"Ndiyo. Sijakataa."

Hilo ndilo neno lililomchosha Mama Pacha kuliko yote. Angekataa, ungegombana naye ukajua umegombana. Lakini "sijakataa" ni sabuni, ukiishika inateleza. Mhandisi alikwenda mwenyewe ile ofisi ya majengo, na kweli watu walikuja. Walipima tundu kwa futi, wakatikisa vichwa, wakasema watarudi na mkubwa wao. Kabati akaweka geti la chuma kwenye lile tundu, ili wezi wasipite kutoka stoo, na mambo yakaendelea.

Mama Pacha alishuka kwa Mama Mkwe na mabegi mawili.

"Mama, tuondoke. Dada yangu ana chumba cha nje, tutajibana."

Mama Mkwe aliyatazama mabegi. "Ukitoka na mizigo mumeo yuko safarini, watu watasema nini?"

"Waseme, mradi tuwasikie."

"Watasema umevunja nyumba."

"Nyumba inavunjwa kutoka chini, Mama, wala si kwa mabegi yangu."

"Mwanangu niliyemzaa mwenyewe hawezi kunitegea mtego."

"Hajategea mtego. Amefungua njia ya makabati."

Mama Mkwe akatabasamu kidogo, lakini hakunyanyuka. Kitanda chake kilikuwa pale, alipokufa mume wake. Mama Pacha alikaa juu ya begi moja. Kuwachukua watoto na kumwacha mama wa watu na mkongojo wake, hakuweza. Kubaki na kungoja oda ya hoteli iishe, hakuweza. Alilia kidogo kwa hasira, akafuta uso kwa upindo wa kanga, akampigia seremala.

"Lete bisibisi," akamwambia. "Randa uiache."

Seremala alipofika alidhani hajasikia vizuri. "Niing'oe? Yote?"

"Wa watoto, wa kwangu wa kutokea ngazini, na wa Mama Mkwe. Bawaba zote. Mlango usiokuwapo haugomi."

"Mama, na wezi?"

"Mwizi atakayepanda huku atanikuta macho. Silali siku hizi."

Wakatundika mapazia. Loo, walichekwa. Wapwa zake walipita ngazini wakipiga hodi kwenye pazia, ko ko ko kwa midomo. Kabati aliposikia alipanda mwenyewe, akasimama mbele ya lile pazia la maua akiwa na mikono kiunoni.

"Shemeji, unaniaibisha. Nauza milango, halafu nyumbani kwetu hakuna milango."

"Rudisha ukuta, nirudishe milango."

"Sijakataa."

"Najua."

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Alasiri, jua kali, pacha wamelala kifudifudi sakafuni wakiandika kazi ya shule, Mama Pacha anapiga pasi. Alisikia mngurumo kutoka chini, kama mtu anayeburuta kochi kubwa, na jambo la kwanza lililomjia lilikuwa hasira. Huyu naye, hata alasiri hapumziki. Kisha hanga za nguo kabatini zikaanza kugongana zenyewe, pasi ikatembea juu ya shuka, na sakafu ikaondoka kwa pembeni, ikarudi, ikaondoka tena.

"Chini ya meza," alisema. Watoto walikuwa wameshaingia. Aliwafuata, akawashika vichwa. Nyumba ilikuwa inalia. Haikuwa kwenda na kurudi tu, upande wa ngazi ulikimbia kuliko upande mwingine, na kila kitu chumbani kilijizungusha kidogo, kama kiti kinachogeuzwa kumtazama mtu. Kisha ikatulia. Vumbi la plasta likashuka taratibu kwenye daftari.

Walipita kwenye pazia. Ngazini vipande vya plasta viligeuka chini ya miguu yao. Kwa Mama Mkwe walipita kwenye pazia jingine, wakamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mkongojo mkononi.

"Nimengoja," akasema, kama mtu aliyecheleweshewa gari.

Mama Pacha alimbeba mgongoni kama mtoto, pacha mbele, mpaka nje barabarani. Watu walikuwa wametoka majumbani. Kwa jirani vilikuwa vimevunjika vikombe. Kwa mwingine saa ilikuwa imeanguka ukutani. Mke wa Kabati alikuwa sokoni na wanawe shuleni. Basi ndipo wakasikia kishindo cha mtu anayepiga chuma.

Kabati alikuwa ndani ya stoo. Geti alilolitia kwenye tundu lilikuwa limebanwa na ukuta uliopinda, haliendi mbele wala nyuma, na mlango wa nje wa stoo ulikuwa umekaa mshazari kwenye fremu yake.

"Shemeji," sauti ikatoka ndani, ndogo isivyo kawaida yake. "Mlango umegoma."

Maneno yalimjaa Mama Pacha mdomoni. Alitaka kumwambia ni mvua hiyo, mbao zimekunywa maji. Aliyameza yote. Alikimbilia karakana ya seremala, naye akaja na mtaimbo na vijana wa kubeba, wakaung'oa mlango na fremu yake. Kabati akatoka mweupe kwa vumbi kama mtu aliyemwagiwa unga. Alimwona mama yake ameketi kwenye kochi la duka lililotolewa barabarani, akaenda kuchuchumaa mbele yake.

Mhandisi alifika kabla ya jua kuzama. Alimulika tochi kutoka mlangoni, hakumruhusu mtu kuingia. Nguzo zile alizoonyeshwa kama wana wa mtu zilikuwa zimepasuka shingoni, nondo zinachungulia.

"Ingetikisika kidogo zaidi..." alisema, akazima tochi.

Nyumba ilikaa tupu kwa muda mrefu. Mumewe aliporudi safarini alishukia kwenye chumba cha nje cha dada mtu, akamtazama mkewe, akasema, "Ungeniambia mambo yamefikia hivyo." Mama Pacha alimkaribisha chai. Maneno mengine hayajibiki.

Ukuta ulirudishwa. Walitoboa zege la zamani, wakapandikiza nondo mpya na kuziunga na zile zilizokatwa, chini hadi msingini, wakamwaga zege, wakazivisha nguzo zile zilizopasuka koti la zege jipya. Makabati yakarudi kuzungushwa nje kwenye mvua. Na Kabati sasa humwonyesha kila mteja. Huupiga ukuta kwa kiganja na kusema, "Huu ndio mgongo wa nyumba. Watu hawajui. Mimi nilisema lazima urudi." Mama Pacha akiwa anapita na kapu lake husikia, naye huendelea kupanda ngazi, meno yameumana.

Milango nayo ilirudishwa, lakini ilikuwa imeparurwa mno. Ule wa watoto una nafasi juu, mwanga wa ngazini unapita hadi kitandani. Kabati alijitolea kuupigilia kipande cha mbao, akakataliwa.

"Unapendeza hivyo?" akauliza.

"Haupendezi. Ubaki."

Juzi, ng'ambo ya barabara, mwenye saluni alileta mafundi. Mama Pacha alikuwa amesimama dirishani aliposikia mashine inaanza kuguna ndani ya zege. Aliteremka na aproni yake kiunoni. Alipopita mbele ya duka Kabati alimwita, "Shemeji, unakwenda wapi? Mambo ya watu hayo, watakuita Mama Wasiwasi."

"Wameshaniita," akasema, na akavuka. Mwenye saluni alimpokea kwa tabasamu akamweleza kwamba anapanua kidogo tu, na kwamba ukuta wenyewe umekaa tu, hauna kazi.

"Kaa, mdogo wangu," Mama Pacha akamwambia, akivuta kiti. "Waambie wazime mashine. Una kabati nyumbani?"